Shangazi Alipomtunza Mhungaria

Tanga, kabla ya kuondoka

Kilichokuwa kinaninyima usingizi kilikuwa swali la kijinga, lakini gizani maswali ya kijinga huwa na sauti kubwa kuliko ya maana: mtu aliyezaliwa Chumbageni ana haki gani ya kusimama mbele ya Wahungaria awaimbie wimbo wao?

Mmenipigia simu wengi tangu nirudi kutoka China, na kila mmoja nimemjibu kipandepande kwa sababu hadithi yenyewe haina pa kuishika. Kwa hiyo naandika. Mnaotaka kujua kama nimepata kazi, bado sijajibiwa. Nalala vizuri tu, na hilo ndilo linalohitaji maelezo.

Mnakumbuka nilisoma Hungaria, ualimu wa muziki. Nilirudi na cheti, na koti zito ambalo Tanga halina kazi, na kichwa kilichojaa nyimbo ambazo hakuna mtu hapa anayezijua. Wahungaria wana namna yao ya kumfundisha mtoto kuimba kabla hajagusa chombo chochote: mkono unapanda na kushuka hewani, kila sauti na ishara yake, na nyimbo za kuanzia ni zile za vijijini kwao. Mtoto anajifunza muziki, na papo hapo anajifunza kuwa Mhungaria. Mimi nilijifunza la kwanza. La pili sikujua nilifanyeje.

Kuna jambo sijawahi kuwaambia. Mwaka wa mwisho niliimba kwenye sherehe ya chuo, na watu walipiga makofi mengi mno, marefu kuliko waliyopigiwa wenzangu. Mama mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi akamwambia jirani yake, "Hata huyu!" Nilielewa kila neno. Hiyo "hata" nimetembea nayo miaka yote hii kama jiwe kwenye kiatu. Nilijiona kasuku, na kasuku hushangiliwa kwa sababu si mtu.

Basi Ilona, aliyekuwa darasa la mbele yangu chuoni, akanitafuta. Anaishi Guangzhou, China, ana kwaya ya watoto wa Kihungaria waliofuata wazazi wao huko, na watoto wa Kichina wachache. Anahitaji msaidizi. Akasema nije: Jumapili moja nione wanavyocheza ngoma zao, Jumapili inayofuata wazazi watakuja kusikiliza, niimbe, waamue.

Shangazi Zubeda, dada yake baba, alikuwa anakwenda huko huko kununua nguo, kama afanyavyo kila akipungukiwa dukani. Nikamwambia naogopa.

"Twende," akasema. "Wewe utanibebea mizigo, mimi nitakubebea uoga wako. Tutaona nani atachoka kwanza."

Addis Ababa, tulipokwama

Tulikwama Addis. Kila tulipouliza sababu tulipewa nyingine, na kila sababu mpya mimi niliifanyia uchunguzi kichwani: ikiwa ni injini, kwa nini watuambie hali ya hewa? Shangazi alitandika mtandio sakafuni, akafungua kopo la sambusa na chapati, akaanza kugawa kama yuko matangani.

Hapo ndipo tulipompata Njoroge, mfanyabiashara wa viatu vya watoto kutoka Nairobi. Alichukua sambusa moja, kisha akaomba nyingine "ya kumfanyia hii company".

"Na wewe, madam, unaenda kubuy nini?"

"Sinunui. Naenda kuimba."

"China?"

"Ndiyo. Nyimbo za Kihungaria."

Akaacha kutafuna. "Ngoja kwanza. Wewe ni Mtanzania, unaenda China, kuimbia watu wa Hungary nyimbo za Hungary?"

"Ndiyo."

"Wueh. Na Wachina wao watakuwa wapi?"

Shangazi akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka, maana alikuwa ameuliza kwa sentensi moja jambo lililonichukua usiku mwingi. Nikaanza kumweleza kuhusu urithi, na taifa, na watafiti waliozunguka vijijini na mashine za kurekodi ili Wahungaria wajue sauti yao ni ipi hasa. Njoroge alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Lakini utalipwa, eeh?"

Ndege ilipoitwa mwishowe, nilikuwa nimeshaamua kurudi nyumbani mara mbili, na mara zote mbili Shangazi alikuwa amekalia pasi yangu.

Sanyuanli

Tulifikia Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, kwenye jengo la vyumba vya kupanga ambalo Shangazi hufikia siku zote. Chini kuna ofisi za wasafirishaji mizigo, juu kuna nguo zimeanikwa madirishani, na ngazini unasikia Kiswahili cha Dar, cha Unguja na cha Mombasa kabla hujasikia Kichina. Njoroge hakuwa na pa kulala, Shangazi akamtafutia chumba jirani na chetu. Jiko lilikuwa la pamoja.

Tulikula tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye mkahawa wa Waislamu wa kaskazini, supu ya ng'ombe ina pilipili hata machozi yakaja. Mvutaji alikuwa akipiga donge la unga mezani, analikunja, analivuta, na kwa muda wa kula bakuli zima sikuwaza chochote. Naliandika hilo kwa sababu ni jambo la nadra.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa Shangazi jikoni, kisha tunakwenda Zhanqian Road kwenye maduka ya jumla. Huko Shangazi ni mtu mwingine. Mwenye duka humwita "laobani", yaani bosi, naye humwita mwenye duka huyo laobani vile vile, na mabosi hao wawili hukataliana kwa furaha kubwa. Shangazi hutaja bei, mwenzake anasema "meiyou," hakuna. Shangazi anafunga mkoba. Mwenzake anamshika mkono. Shangazi anakaa. Wanaleteana chai. Nilisimama pale na marobota ya madela nikiwaza: huyu hajui sarufi ya lugha hii hata kidogo, na hakuna anayemwambia "hata huyu".

Jumapili ya kwanza

Ukumbi ulikuwa upande wa Tianhe, darasa la kuchezea dansi lenye kioo ukuta mzima. Treni ya chini ya ardhi ilitupeleka vizuri, ila mimi niliteremka kituo kimoja kabla kwa kuwa niliona jina linafanana, tukafika tumechelewa na Shangazi ananiuliza miaka yote ya chuo kikuu nilisomea nini ikiwa jina la kituo linanishinda.

Ilona alinikumbatia. Kulikuwa na chungu cha supu nyekundu ya nyama, paprika, pilipili yao nyekundu, ndani. Shangazi akanong'ona, "Uliza ni nyama gani." Nikauliza. Ilikuwa ng'ombe, lakini kitunguu kilikaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ndivyo wafanyavyo. Shangazi akatabasamu, akasema "asante, nimeshiba," akala keki ya lozi za kwao mpaka sahani ikaona haya.

Nitawaeleza ngoma hiyo inavyokwenda, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea. Mpiga fidla anasimama pembeni na wenzake wawili. Watu wanacheza duara, au wawili wawili. Mpiga fidla hatazami kitabu, anatazama miguu. Mchezaji akitaka polepole, fidla inapoa. Mara kwa mara mtu mmoja anatoka kwenye duara, anasimama mbele ya fidla, na wengine wote wanaacha kucheza. Hapo anaimba.

Mpiga fidla aliitwa Lajos, mtu mnene mwenye vidole vyepesi. Yeye ni Mroma, wa jamii ile ambayo wengi huiita Jipsi. Chuoni tulifundishwa kwamba nyimbo za kweli za taifa ni za wakulima wa vijijini, na zile zilizopigwa na Waroma mikahawani ni mapambo tu. Niliyakariri hayo, nikapata maksi nzuri. Sikuwahi kuuliza hao wakulima, siku za harusi zao, walipigiwa na nani.

Aliyetoka kwenye duara alikuwa mzee, András bácsi. Hilo bácsi ni kama sisi tunavyosema mzee fulani, hulitaji jina bila kulifuatisha. Kijiji chake kiko Romania. Mpaka ulichorwa upya kabla hajazaliwa, wakabaki upande huo na lugha yao. Sasa amemfuata mwanawe Guangzhou, anayefanya kazi kiwandani. Alisimama mbele ya Lajos, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu, akaanza kuimba kwa sauti kavu, bila haraka, anasimama anapotaka, na fidla inamngoja.

Nilitazama pembeni kumwona Shangazi. Hakuelewa neno, lakini machozi yalikuwa yamemjaa. Na kabla sijamshika alikuwa amesimama.

Nyinyi mnajua anavyokwenda kutunza. Noti imeshikwa kwa vidole viwili juu ya kichwa, mwendo wa madaha, nyonga inakwenda na mdundo, anapita katikati ya watu wote bila kumtazama yeyote. Alifika kwa András bácsi, akamzunguka mara moja, akamchomekea noti mfuko wa kifuani, akampigapiga begani, akarudi zake vile vile.

Mzee aliacha kuimba katikati ya mstari.

Lajos akaondoa upinde kwenye nyuzi. Kwenye kile kioo niliwaona watu wote mara mbili. Ilona alinijia haraka. "Rehema, amefanya nini?"

"Amemtunza. Kwetu mwimbaji akikugusa unampa."

"Huyo si mwimbaji! Ule ni wimbo *wake*. Kila mtu kijijini kwao ana wimbo wake, wengine hawaugusi akiwepo. Anayelipwa ni mpiga fidla. Kumpa yeye hela ni kumwambia yeye ni mtu wa kukodiwa."

Shangazi akanivuta mkono. "Wanasemaje? Kidogo?"

"Shangazi, kaa."

András bácsi alikuwa ameitoa noti mfukoni, ameishika kama kitu alichookota. Masikio yalikuwa mekundu. Akanitazama mimi, maana nani mwingine angeulizwa, akasema kwa Kihungaria, "Nimekosa nini mpaka nilipwe?"

Katika maisha yangu yote ya Kihungaria nilikuwa nimeimba na kufanya mitihani. Sikuwahi kumtetea mtu. Nilisikia maneno yakitoka bila kupangwa, makosa ya sarufi na yote: kwamba kwetu wimbo huwa na mwenyewe pia, mtu hujulikana kwa wimbo unaomwinua, kwamba Shangazi hawezi kukaa kitini wimbo ukimshika, angeona ni utovu wa adabu, kwamba alichompa si ujira, amemwambia *nimekusikia* mbele za watu.

Kisha Lajos akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani.

"András," akasema, "mimi nimepewa hela kwa nyimbo za namna hiyo maisha yangu yote, na baba yangu kabla yangu. Leo umepewa wewe. Unaonaje? Inawasha, eeh?"

Mzee akailamba noti ya Shangazi, akaibandika kwenye paji la uso la Lajos, ndivyo wanavyomlipa mpiga fidla, na ukumbi ukalipuka. Wimbo ulianza upya kutoka mwanzo.

Baadaye alitujia na glasi ya juisi kwa ajili ya Shangazi. "Muulize, na yeye wimbo wake ni upi?"

Nikamtafsiria. Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Ule wa harusi ya mama yako, Rehema. Wanaujua Tanga nzima. Ukipigwa, wanageuka kutazama niko wapi." Akauimba mstari mmoja pale pale, na Lajos, noti bado iko usoni, akaukamata kwenye nyuzi.

"Na wewe?" András bácsi akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Nina nyimbo nyingi kichwani kuliko watu wote waliokuwa pale. Hakuna hata mmoja uliokuja.

Juma la katikati

Ilona aliniandikia siku iliyofuata. Hakuwa amekasirika. Wazazi walikuwa wameambiwa kilichotokea na wamefurahi, wanataka Jumapili ijayo niimbe kitu cha Kiafrika, nivae vazi la kwetu, labda Shangazi acheze tena. "Itawagusa zaidi," aliandika. "Nyimbo zetu wanazo."

Nilikwenda Zhanqian na ujumbe huo kifuani. Ulikuwa na akili, nisiukatae. Nilijua nyimbo za harusi za bibi yangu, ningeziimba vizuri, wangelia. Na ningekuwa nimekuja China kufundisha watoto namna ile niliyoisomea, nikaishia kuwa pambo la Jumapili. Halafu nikajiambia: kumbe unaona haya nyimbo za bibi yako? Halafu nikajiambia sivyo. Halafu Shangazi akaniambia nimekalia boksi la vifungo vya mtu.

Alinitafutia kanga nzuri. "Uvae hii. Au usivae. Lakini uamue, maana sura hiyo inatutia mkosi, wananipandishia bei."

Kazi niliitaka, msidhani sikuitaka. Kukataa ombi la Ilona kulikuwa kumpa sababu ya kumtafuta mtu mwingine. Na nikisimama niimbe Kihungaria, nina hakika kwamba yupo mama wa mstari wa mbele, kila ukumbi unaye.

Siku zile niliacha kuimba kabisa. Sikugundua. Nilikoroga uji asubuhi kwa kimya, nikijadiliana na ukuta. Siku ya tatu au ya nne hivi Njoroge alikuja jikoni na kikombe chake, uso una usingizi.

"Madam, umegonjeka?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Hiyo song yako ya asubuhi iliendaga wapi? Mimi nilikuwa nimezoea kuamka nayo. Sahi nachelewa soko."

"Wimbo gani?"

"Si ile yako ya uji." Akajaribu kuuimba kwa pua, vibaya sana, na nikaujua.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja kule Hungaria, Marika néni, néni ni bácsi ya wanawake, mjane. Kila vuli alipika jamu ya plamu uani, kwenye sufuria kubwa kama ya shughuli, na plamu hazitakiwi kuachwa, unakoroga tangu asubuhi hadi jioni. Tulipokezana mwiko. Alikuwa na wimbo wa kukorogea: mwanamke anaubembeleza moshi wa jiko lake upande juu polepole, uonekane mbali, mgeni aliyeko njiani ajue nyumba ina watu. Hakunifundisha. Alisema tu, "Shika mwiko, na usinyamaze, ukinyamaza itaungua." Pale uani hapakuwa na mstari wa mbele, wala makofi. Tangu hapo hadi juma lile sikuwahi kukoroga kitu bila wimbo huo: ugali, uji, hata rangi nilipopaka chumba cha mama.

Njoroge hakujua ni Kihungaria. Alidhani ni Kidigo.

Uji uliungua. Shangazi alikula hivyo hivyo, akiniangalia.

Jumapili ya pili

Nilivaa kanga, kwa sababu ni nzuri na ni ya Shangazi. Wazazi walikuwa wamekaa mistari minne, watoto mbele sakafuni, Wahungaria na Wachina wamechanganyika. Niliwaza kwamba mataifa haya yote mawili huanza na jina la ukoo kabla ya jina la mtu, na mimi peke yangu humu najitaja kinyume. Nilikuwa bado natafuta dalili kwamba mimi si mwenzao, mnaona.

Njoroge alikuja pia. "Nimekuja kuona Wachina watakaa wapi," akasema.

Ilona, ambaye sikuwa nimejibu ombi lake, alinitangaza: Rehema kutoka Tanzania, na wimbo wa nyumbani kwake. Makofi. Kwa kitambo kidogo nilimjua hasa bibi harusi anayetaka kutorokea dirishani. Ningeweza kuimba wa bibi yangu. Ulikuwa pale, tayari, na kazi pembeni yake.

Sikwenda katikati. Nilikwenda kwa Lajos. Nilikuwa nimeikunja noti kwenye pindo la kanga tangu asubuhi. Niliitoa, nikailamba, nikambandika usoni, ikaanguka mara ya kwanza, akainama akanipa mwenyewe. Watoto wakacheka. Nikamwimbia sikioni mwanzo wa wimbo. Akanitazama chini ya noti, akanyanyua upinde.

Nikamwona Ilona amesimama, mdomo wazi kidogo, anautambua.

András bácsi alikuwa kiti cha pembeni. Aliinua kidevu na kuuliza kwa sauti ya ukumbi mzima, kama wanavyouliza kijijini kwao kabla ya kumpisha mtu:

"Huu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema, kwa Kihungaria.

Aliitikia kwa kichwa, akawanyamazisha waliokuwa karibu naye. Fidla ikaanza polepole, ikitazama miguu yangu. Nyuma kabisa, kabla sijafungua mdomo, kiti kikaburuzwa sakafuni, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani amesimama, na mkono wake uko wapi, na umeshika nini.

Nikauambia moshi upande polepole.